VPN ya Bure Niliyoiuza Buku

Mwishoni mwa Oktoba 2020 niliweka VPN kwenye simu za watu wa Mwanza bila kujua mwenye VPN hiyo ni nani. Nilitoza buku kwa kila simu. Mimi mwenyewe niliipata bure, kwa Bluetooth, kutoka kwa jirani yangu wa kibanda, ambaye naye aliipata kwa mtu. Wateja waliuliza kama ni salama. Nikajibu ni salama.

Nilidanganya. Wakati ule nisingeliita hivyo, maana nilijiona natoa huduma, tena huduma ya kishujaa kidogo.

Kibanda changu kilikuwa Makoroboi. Kazi zilikuwa za kawaida: kubadilisha vioo, kuflashi simu zilizojifunga, kuchokonoa magamba ya samaki kwenye tundu za chaji. (Usicheke. Kwa mji wenye mwalo kama wa Kirumba hilo ni tatizo halisi.) Siasa sikuwa nazo. Lakini wiki ya uchaguzi siasa zilinifuata kibandani. Tarehe 21 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, iliziagiza kampuni za simu zisitishe huduma ya SMS za mkupuo. Tarehe 27, siku moja kabla ya kura, Twitter walitangaza kwamba wanaona mtandao wao unazuiwa na kupunguzwa kasi Tanzania. Sisi hatukuhitaji tangazo lao. WhatsApp ilikuwa inazunguka tu, picha hazifunguki, sauti haziondoki. Na Mwanza WhatsApp si ya porojo peke yake. Pale mwaloni bei ya dagaa hupangwa kwa sauti za WhatsApp kati ya muuzaji wa Kirumba na mnunuzi wa Kahama, Bujumbura au Goma. Zikikwama sauti hizo, mzigo nao unakwama.

Ndipo foleni ikaanza. Kila aliyekaa mbele yangu alitaka neno moja tu, VPN, hata wale ambao wiki moja nyuma hawakuwa wamelisikia. Play Store ilikuwa inasuasua, kwa hiyo niliwarushia faili moja kwa moja kutoka kwenye simu yangu, nikabonyeza "Ruhusu", "Ruhusu", "Ruhusu" kwa kidole changu mwenyewe ili foleni isogee, nikajaribu WhatsApp mbele yao, ikafunguka, nikapokea buku. Wengine waliniombea heri.

Sasa, ningekuwa sijui lolote, ungekuwa uzembe wa kawaida na nisingeuandikia. Lakini nilikuwa nimeonywa, na nilikuwa na hoja ya kulikataa onyo. Hoja yenye sura ya kizalendo.

Mteja wangu mmoja alikuwa mwanafunzi wa uandishi wa habari pale chuo kikuu cha SAUT, Malimbe. Alinishauri niwawekee watu programu ya Psiphon, na anayetaka kuperuzi tu nimwekee Tor. Usiku nikaingia kwenye tovuti ya Tor. Wana ukurasa mzima wa wafadhili, na humo imo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani. Nikaendelea kuchimba. Mbinu yenyewe ya Tor ilibuniwa kwenye maabara ya utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani miaka ya 1990. Psiphon ilizaliwa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, ila nayo imepokea fedha za shirika la serikali ya Marekani linalosimamia Sauti ya Amerika. Nikakuta pia mfuko unaoitwa Open Technology Fund, ulioanzishwa mwaka 2012 ndani ya RFA, kazi yake kugharamia programu za kuwasaidia watu kupita pale serikali zao zinapofunga mtandao.

Hapo kwenye RFA nilishtuka kweli. Kwa dakika nzima niliamini kwamba Radio Free Africa, redio yetu ya hapa hapa Mwanza tuliyokua tukiisikiliza kwa salamu na mpira, ndiyo inafadhili mambo ya Wamarekani. Kumbe RFA ile ni Radio Free Asia ya Washington, na ya kwetu ni ya mfanyabiashara Mtanzania, hazihusiani kabisa. Mtu mwenye akili angejiuliza: kama hilo nimelisoma kichwa chini, mangapi mengine nimeyasoma hivyo? Mimi nilifunga simu nikalala nikiwa nimeridhika.

Kesho yake nikampa yule kijana mhadhara. Mabeberu hawatoi kitu bure, nikamwambia. Neno mabeberu miaka ile lilikuwa kwenye kila redio, na lilinikaa mdomoni vizuri.

"Lakini kaka," akasema, "si wamejiandika wenyewe?"

"Ndiyo maana nimewajua."

Nilidhani nimemshinda.

Aliyenipa nafasi ya pili ya kujiokoa ni mjomba wangu. Alistaafu bandari ya Mwanza Kusini, anakaa Igogo, na tangu nikiwa mdogo jioni zake zimekuwa za redio. Anawajua wenye redio kuliko anavyowajua majirani. Cairo walianza Kiswahili mwaka 1954, anasema, na kazi yao ilikuwa kuwasema Waingereza. London wakaja 1957. Washington 1962, Wajerumani 1963. Na sisi nasi, huongeza hapo akiinua kidole, tulikuwa na yetu: Redio Tanzania iliwapa FRELIMO na ANC muda wa kuwahutubia watu wao waliokuwa chini ya wakoloni na makaburu, na hela iliyolipia umeme wa mitambo ile ilikuwa yetu, hela ya pamba. Kwa hiyo serikali kulipia matangazo yavuke mpaka ili watu wa upande wa pili wajikomboe si jambo la kumshangaza mjomba.

Anachofanya yeye ni kusikiliza kwa mahesabu. Sauti ya Amerika alikuwa akiisikiliza kwa habari za Kongo, hakuisikiliza kwa habari za Cuba. Habari za Uingereza huzitafuta kwa Wajerumani. BBC ilipobana matumizi mwaka 2011 na kuiondoa idhaa ya Kiswahili kwenye masafa mafupi, alinung'unika wiki nzima, kisha akaifuata kwenye FM za hapa nchini. Agosti 2020 kanuni mpya zilipotaka redio za nchini ziwe na kibali cha TCRA kabla ya kurusha vipindi vya nje, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba sasa idhaa ya London ina wenye nyumba wawili.

Nilimpitia jioni moja wiki ile ya uchaguzi, nikamsimulia biashara ilivyochangamka na jinsi nilivyoikataa programu ya Wamarekani. Akasikiliza.

"Na hiyo ya kwako, mjomba, inalipiwa na nani?"

"Hii ni ya bure, mjomba."

"Redio zote ni za bure," akasema, akaongeza sauti ya taarifa ya habari.

Nikacheka. Nikaona uzee.

Desemba alikuja kibandani mama mmoja muuza dagaa wa mwaloni. Nilimkumbuka kwa sababu simu yake ndiyo iliyonipa kazi ya magamba zaidi ya zote. Alisema WhatsApp yake imemtoa na haimruhusu kurudi, na watu wanampigia kumuuliza kuhusu hela. Mtu fulani alikuwa ameingia kwenye akaunti yake na kuwaandikia wateja wake, kwa jina lake na picha yake, wakiwa katikati ya mazungumzo ya mzigo halisi: ile hela tuma kwenye namba hii. Ujumbe huo kila Mtanzania anaujua na kila Mtanzania anaucheka. Lakini ukija kutoka kwa mtu uliyenunua kwake dagaa miaka mitano, na kweli unadaiwa, huucheki. Wateja wake wa Kahama na wa Dar walituma. Ilikuwa laki sita na ushee.

"Nani mwingine ameishika simu hii, mama?" nikauliza, kwa sauti ya fundi.

"Ni wewe tu, mwanangu."

Nikaifungua. Nikaenda kwenye mipangilio, nikafika kwenye ile VPN, nikafungua orodha ya ruhusa. SMS: imeruhusiwa. Majina ya kwenye simu: yameruhusiwa. Maikrofoni: imeruhusiwa. Nilikaa nikiitazama hiyo SMS. Namba ya kuthibitisha akaunti ya WhatsApp huja kwa SMS, na programu yenye ruhusa ya kusoma SMS huisoma wakati simu ingali mfukoni. VPN haihitaji kusoma meseji za mtu. Kazi yake ni kupitisha data. Ruhusa ile sikuibiwa. Niliitoa mimi, kwa kidole hiki, mwenye simu akiwa amekaa mbele yangu ananiangalia kwa imani.

Nikaanza kumtafuta mwenye programu. Jina la kampuni halikuwepo. Nchi haikuwepo. Palikuwa na anwani ya barua pepe yenye tarakimu nyingi, na ukurasa wa sera ya faragha ambao aliyeunakili alisahau kufuta jina la programu nyingine kabisa katika aya ya tatu. Nikatoa simu yangu. VPN ile ile, ruhusa zile zile. Miezi miwili ilikuwa imekaa humo.

Halafu likanijia jambo lililonifanya niombe maji. Sikuwa na daftari. Nilikuwa naandika kila kioo nilichobadilisha na kila chaji niliyouza, lakini hizi za buku sikuziandika, zilikuwa hela za haraka. Niliweza kuwakumbuka watu wachache kwa sura. Waliobaki sikuwa na njia ya kuwapata na kuwaambia waitoe. Wengine walikuwa wasafiri, wamepanda meli au basi na kwenda zao na kitu nilichowawekea.

Nilimwambia yule mama ukweli wote pale pale. Hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja, kama niliwahi kujua, nikamwambia sikujua, lakini nilimwambia ni salama. Wateja aliwafidia yeye kwa magunia ya dagaa, ili asiwapoteze. Mimi nilimrudishia nusu ya hela kwa mafungu hadi katikati ya 2021. Mteja wa Kahama hakurudi kununua kwake. Simu zake siku hizi hutengeneza kwa fundi mwingine.

Baadaye nilisoma nilichotakiwa kusoma kabla. Mwaka 2016, miaka minne kabla ya foleni yangu, watafiti wa Australia na Marekani walichunguza programu 283 za VPN za simu za Android. Katika asilimia 38 walikuta dalili za programu hasidi. Asilimia 18 hazikuwa zinaficha data hata kidogo, yaani zilifanya kinyume cha kazi zilizojitangazia. Asilimia 82 ziliomba ruhusa za mambo nyeti, zikiwemo SMS. Na si vibanda vya gizani tu. Facebook waliinunua VPN ya bure iitwayo Onavo mwaka 2013 na kuitumia kuona watu wanatumia programu gani za washindani wao. Ilitolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikafungwa.

Kuendesha VPN ni gharama. Mtu analipia seva, analipia njia ya data, analipia wahandisi. Kama si wewe unayelipa, na hakuna serikali wala mfuko unaolipa, basi wewe ndiye unayeuzwa. Hili fundi simu hana kisingizio cha kutolijua.

Kilichoniuma zaidi nilikigundua kwa bahati. WhatsApp yenyewe, ile niliyokuwa naifungulia watu, tangu Aprili 2016 inalinda ujumbe wote kwa mbinu iliyotengenezwa na watu wa programu ya Signal. Na watu hao kati ya 2013 na 2016 walipokea karibu dola milioni 3 kutoka Open Technology Fund. Yaani fedha za serikali ya Marekani nilizozikataa kwa mhadhara zilikuwa mfukoni mwangu kila siku, zikilinda meseji zangu za mapenzi na za madeni, na programu niliyoichagua kwa sababu haina serikali ndiyo iliyokuwa imekaa mlangoni inazisikiliza.

Sisemi Washington ni malaika. Radio Free Europe kwa karibu miaka 20 ililipwa kwa siri na CIA, huku wasikilizaji wakiambiwa ni michango ya wananchi wa Marekani. Mambo yalipofichuka, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bunge lao likaanza kuilipia waziwazi. Ningeisoma habari hiyo mwaka 2020 ningeitumia kama fimbo. Leo naiona inasema kitu kingine: hata wao waliona aibu pale mlipaji alipofichwa. Tor wanaweka majina ya wafadhili na wanaweka msimbo wa programu wazi ili mtu yeyote, wa Moscow au wa Malimbe, aukague. Nilikuwa na karatasi yote mbele yangu. Niliisoma kama ushahidi dhidi yao, na yule asiye na karatasi nikamwachia huru.

Fedha za wazi nazo zina lake. Tarehe 14 Machi 2025 Rais Trump alisaini amri ya kulipunguza kadiri sheria inavyoruhusu shirika linalosimamia Sauti ya Amerika. Kesho yake wafanyakazi zaidi ya 1,300 waliambiwa wakae nyumbani, na kituo kilichokuwa hewani tangu 1942 kikanyamaza, Kiswahili kikiwemo. Open Technology Fund ilibidi iende mahakamani kudai hela zake. Mjomba alinipigia simu kuniuliza kama redio yake imeharibika, nikamweleza. "Basi Kongo nitaisikiliza kwa Wajerumani," akasema. Nilimuuliza kama hajakasirika. Akajibu kwamba mwenye redio akiizima, ameizima redio yake.

Mei mwaka huo X, ile iliyokuwa Twitter, ikafungwa nchini. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, mtandao ukazimwa nchi nzima hadi ulipoanza kurudi tarehe 3 Novemba. Siku zile watu wa mtaani walinigongea kuomba ile VPN ya mwaka ule, wakidhani bado ninayo. Ilibidi nieleze kwamba VPN ni njia ya mchepuko. Barabara ikifungwa kipande unachepuka, lakini ikiondolewa yote hakuna pa kuchepukia, iwe ya Mmarekani au ya nani. Baadhi walidhani nawanyima.

Mtandao uliporudi alikuja kijana kibandani, wa umri wangu wa 2020, anataka VPN aingie X. Nikamweleza kwanza kwamba tangu Oktoba 2023 TCRA inataka anayetumia VPN ajisajili, aamue mwenyewe. Nikamwonyesha namna ya kuangalia ruhusa, namna ya kutafuta jina la mwenye programu, nikamfungulia ukurasa wa Tor wa wafadhili asome. Nikamsimulia na habari ya yule mama. Alisikiliza kwa adabu, akavuta ukurasa chini, akasimama.

"Serikali ya Marekani? Hapana, kaka. Mimi nataka ya bure tu, isiyo na mambo ya serikali."

Akaenda kibanda cha tatu kutoka kwangu. Pale bei ni buku mbili siku hizi.